Amplifaya ya valvu: kuijenga mwenyewe na kuifanya idumu na chumvi ya Mombasa

Wiki haipiti bila kijana kunijia na simu mkononi, anionyeshe picha ya amplifaya ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) inayowaka rangi ya chungwa gizani, aniulize: "Fundi, hii naweza kujijengea?" Waweza. Kisha huja maswali yale yale. Valvu zapatikana wapi? Transfoma ipi? Itanipiga shoti? Kwa nini yangu yavuma, na kwa nini ya fulani ilikufa baada ya kusi moja tu? Nimechoka kuyajibu kwa mdomo huku nimeshika chuma cha moto, basi nayaandika.

Tutajenga amplifaya ndogo ya pande mbili (stereo): valvu moja ya ECC83 mbele, EL84 mbili nyuma, wati nne hivi kila upande. Waliozoea spika za matatu watacheka. Lakini tafuta spika yenye usikivu wa desibeli 90 au zaidi kwa wati moja, uiweke sebuleni Mji wa Kale, nyumba zilivyobanana vile, uone kama jirani hatabisha hodi.

Kwanza, usife

Ndani ya kifaa hiki mna volti kama 280 za mkondo wa moja kwa moja (DC), na hazitoki ukichomoa plagi. Kapasita huziweka. Mimi nilipigwa na amplifaya iliyokuwa imechomolewa, imelala mezani nimeigeuza juu chini, naifuta vumbi kwa brashi. Mkono uliruka nyuma ukagonga ukuta, kiwiko kikavimba siku tatu. Na hapo nilikuwa na bahati, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa mfukoni.

Basi hiyo ndiyo kanuni: ukipima kitu kinachowaka, mkono mmoja mfukoni, viatu vya mpira mguuni, sakafu kavu. Kabla ya kugusa chochote ndani, zima, chomoa, ngoja dakika mbili, kisha pima kwa mita mpaka uone chini ya volti 10. Kama nyumba yako haina waya wa arthi, na nyumba nyingi za zamani hapa hazina, mwite fundi stima aweke kabla hujanunua hata rezista moja.

Vitu vya kuwa navyo

Vifaa: chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, lehemu ya bati 60 kwa risasi 40, mita inayopima mpaka volti 600 au zaidi, koleo, bisibisi, drili, na balbu ya zamani ya wati 60 yenye uzi ndani (si ya LED) ikiwa kwenye kishikio chake.

Sehemu zenyewe:

- EL84 mbili na ECC83 moja. Wamarekani huziita 6BQ5 na 12AX7. Ni zile zile.
- Soketi tatu za pini tisa, za kauri.
- Transfoma ya stima: inaingia volti 240, inatoa volti 200 kwa miliampea 200, na volti 6.3 kwa ampea 3.
- Transfoma mbili za spika: omu 5,000 upande wa valvu, omu 8 upande wa spika, za kutumiwa na valvu moja moja.
- Daiodi nne za 1N4007.
- Kapasita za umeme: mbili za maikrofaradi 100 na moja ya 22, zote za volti 450 na nyuzi joto 105, mbili za 220 za volti 25.
- Kapasita mbili za plastiki za maikrofaradi 0.1, volti 630.
- Rezista (namba ni omu, na k ni elfu), kila moja mbili isipokuwa nikisema: 180 ya wati 2, 100 ya wati 1, 1k, 1.5k, 22k, 100k ya wati 1, 470k. Halafu moja moja: 150 ya wati 5; 10k ya wati 1; 220k ya wati 2. Na nyingine mbili za 100 za nusu wati kwa ajili ya hita.
- Volyumu ya pande mbili ya 100k, soketi za kuingizia sauti, vituo vya spika, swichi, kishikio cha fyuzi na fyuzi ya nusu ampea ya aina inayochelewa kukatika.
- Plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, na waya wa nyuzi tatu.

Wapi? Kabla ya kuagiza ng'ambo, zunguka kwa mafundi wazee wa redio na kwa wauza vyuma chakavu ukiulizia redio za mbao na gramafoni za kabati. Nyingi zilitumia EL84 au ndugu zake, na transfoma ya spika imo humo humo, imetulia miaka 60 ikikungoja. Valvu mpya bado zinatengenezwa. JJ ya Slovakia hutoa zote mbili, na si ghali.

Hapa nitasema neno litakalowaudhi wengine. Vijana humaliza pesa kwenye valvu za zamani za majina makubwa, kisha hununua transfoma ya spika ya bei ya karanga. Kinyume chake ndicho sahihi. Transfoma ya spika ndiyo sauti yako. Yenye chuma kidogo haiwezi kupitisha besi, na valvu ya dhahabu haitaisaidia. Ukimpa fundi akusukie, mwambie ni ya valvu moja, kwa hivyo lazima aache mwanya wa karatasi katikati ya bati za chuma. Asipoacha, mkondo wa valvu utakishibisha chuma sumaku, na besi yote itapotea.

Hatua kwa hatua

1. Toboa chasi, yaani sanduku la kubeba sehemu zote. Tumia alumini ya milimita 2. Mafundi wa jua kali wanaokunja masanduku ya bati watakukunjia kwa dakika kumi. Pima soketi zako kwanza ndipo uchague ukubwa wa tundu, usiamini picha. Acha sentimita nne au zaidi kati ya EL84 na kitu chochote kingine, kwani kioo chake hukuunguza kidole.

2. Panga transfoma kwa masikio. Kabla ya kuzifunga, unga visikiliza-sauti vya masikioni kwenye upande wa spika wa transfoma moja, uwashe ile ya stima peke yake, nyaya zake nyingine zikiwa zimefunikwa vizuri. Utasikia mvumo. Izungushe ile ya spika mpaka mvumo ufifie, mara nyingi ni pale zinapokaa msalaba. Hapo ndipo pa kutoboa. Zoezi hili la robo saa litakuokoa wiki nzima ya kutafuta mvumo baadaye.

3. Funga arthi. Waya wa kijani na manjano uende kwenye boliti yake peke yake, chuma kimekwanguliwa mpaka king'ae, na washa yenye meno (ile pete ya chuma) chini ya nati. Waya wa moto upite kwenye fyuzi, kisha swichi, kisha transfoma.

4. Vuta nyaya za hita kwanza. Hita ni ule uzi unaowaka ndani ya valvu. Sokota nyaya mbili kama kamba ya katani, zilaze pembeni kabisa mwa chasi. Kwenye EL84 ni pini 4 na 5. Kwenye ECC83, unga 4 na 5 pamoja kuwa upande mmoja, na 9 iwe upande wa pili. Kutoka kila upande wa hita peleka rezista ya 100 hadi arthi. Bila hizo mbili, itavuma.

   *Kosa la kila mtu:* kuhesabu pini kutoka juu. Geuza chasi, tazama soketi kwa chini, anzia kwenye pengo, hesabu kuelekea mshale wa saa unakokwenda. Andika namba kwa kalamu kwenye chasi yenyewe. Mimi bado huandika.

5. Jenga njia ya volti za juu. Daiodi nne kwa mpangilio wa daraja kwenye ile volti 200. Kisha kapasita ya kwanza ya 100. Kisha rezista ya 150. Kisha kapasita ya pili ya 100. Kutoka hapo 10k hadi ile kapasita ya 22. Rezista ya 220k ifungwe sambamba na kapasita ya kwanza. Kazi yake ni kuzimwaga volti ukizima. Angalia alama ya hasi kwenye kapasita mara mbili. Iliyofungwa kinyume hupasuka, na harufu yake haitoki nyumbani kwa siku kadhaa.

6. Jaribu bila valvu. Unga balbu ya wati 60 mfululizo na waya wa moto. Washa. Balbu imulike mara moja kisha ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima utafute. Ikiwa sawa, pima: hita karibu volti 6.3, kapasita ya kwanza kati ya 280 na 310. Zima, kisha tazama mita ikishuka. Kama haishuki, ile 220k hujaifunga vizuri, na hiyo ndiyo itakayokuua.

7. Unga EL84. Pini 3 (kathodi) iende arthi kupitia 180, sambamba na kapasita ya 220 ya volti 25. Pini 9 (skrini) iende kapasita ya pili kupitia 100 ya wati 1. Pini 7 (anodi) iende upande mmoja wa transfoma ya spika, na upande wake wa pili kwenye kapasita ya pili. Pini 2 (gridi) ipokee rezista ya 1k iliyolehemiwa palepale kwenye soketi, na nyuma ya hiyo 1k pawe na 470k kwenda arthi. Pini 1, 6 na 8 ziache. Zinaonekana hazina kazi, lakini baadhi zimeungwa ndani ya kioo, kwa hivyo usizitumie kama mahali pa kupumzishia waya.

   Vitabu vya watengenezaji huonyesha rezista ya kathodi ya 135 na kupata wati 5.7. Mimi natia 180. Unapoteza wati moja usiyoweza kuisikia, na valvu inakaa karibu wati 10 ilhali kikomo chake ni 12. Kwa joto letu la kaskazi, ziada hiyo ndiyo maisha ya valvu.

8. Unga ECC83. Nusu moja kwa kila upande. Anodi (pini 1 na 6) ipate 100k kutoka kwenye kapasita ya 22. Kathodi (pini 3 na 8) ipate 1.5k kwenda arthi, bila kapasita. Gridi (pini 2 na 7) itoke mguu wa kati wa volyumu. Kutoka kila anodi, kapasita ya 0.1 hadi kwenye ile 1k ya EL84.

9. Arthi ya sauti iwe moja. Nyosha waya mnene wa shaba kutoka kapasita ya kwanza hadi soketi za kuingizia sauti, kila kitu kishuke hapo kwa mpangilio huo huo, na uguse chasi mahali pamoja tu, karibu na soketi. Waya mmoja wa kila upande wa spika nao uungwe kwenye huo waya wa shaba.

10. Weka valvu, unga spika, washa kupitia balbu. Usiwashe kamwe bila spika. Sauti isipokuwa na pa kwenda, transfoma hurudisha volti kubwa na kujichoma. Ngoja sekunde 30, tazama. Hakuna moshi? Toa balbu ya kujaribia, washa tena, kisha pima: pini 3 ya EL84 iwe kama volti 8 (gawanya kwa 180 upate mkondo, karibu miliampea 44); kapasita ya pili 250 hadi 265; anodi za ECC83 kati ya 140 na 180.

11. Mwisho, rezista ya kurudisha sauti. Kutoka waya wa pili wa spika, ule usio wa arthi, peleka 22k hadi kathodi ya ECC83 ya upande huo. Amplifaya ikipiga mayowe, usishtuke: zima, ngoja dakika zako mbili, badilishana nyaya mbili za transfoma ya spika upande wa valvu. Sauti ikipungua kidogo na kusafika, umefika.

Utasikia nini

Usitarajie miujiza. Besi ya klabu haimo humu. Kilichomo ni sauti ya kati: mwimbaji wa taarab anasimama mbele ya spika, unasikia anavyovuta pumzi kabla ya kituo, na ncha ya risha inavyokwaruza uzi wa udi kabla ya noti yenyewe. Valvu moja inayofanya kazi peke yake huongeza kidogo mwangwi wa oktava ya juu, na ukiizidishia sauti haikatiki ghafla, inajikunja. Watu huita hilo utamu. Mimi naliita hivyo pia, ila najua ni kosa dogo linalopendeza.

Adui wa hapa kwetu

Amplifaya iliyotulia Nairobi miaka 20 inaweza kufa Mombasa kwa miwili. Si stima tu. Ni hewa. Upepo wa kusi unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, na pini za soketi zinaota ukungu wa kijani. Kila baada ya miezi mitatu hivi, na kifaa kikiwa baridi, ichomoe kila valvu na uirudishe mara mbili tatu. Msuguano huo tu husafisha pini. Nati na boliti ziwe za chuma kisichoota kutu. Transfoma iliyosukwa hapa iombe ichovywe kwenye vanishi na ikaushwe kwa moto. Ya kavu hunywa unyevu, na siku moja uzi mwembamba wa ndani hukatika bila kuaga.

Usiiweke dirishani pa kutazama bahari, hata kama ndipo inapopendeza. Na usiifungie ndani ya kabati. Inahitaji matundu chini na juu ili hewa ipande.

Ila matundu nayo! Mteja mmoja wa Kisauni aliniletea amplifaya iliyokatika fyuzi mara mbili usiku mmoja. Nikafungua kifuniko cha chini, nikamkuta mjusi kafiri amejinyoosha, mguu mmoja kwenye anodi na mkia kwenye chasi, amekauka kama kamba wa kuchoma. Alifuata joto, maskini. Tangu siku hiyo kila tundu nalifunika kwa wavu wa dirisha wa mbu, kwa ndani, umegandishwa kwa gundi ya epoksi.

Stima ikikatika, zima swichi. Usiache amplifaya iisubiri, kwa sababu stima inaporudi huja na kishindo, na kishindo hicho hukutana na valvu baridi. Mwenye uwezo aweke kilinda-volti.

Kwa kusikiliza saa tatu kila usiku, ni kama saa elfu kwa mwaka. EL84 isiyochoshwa itakupa miaka kadhaa, na ECC83 zaidi ya hapo.

Ikigoma

*Mvumo mzito usiobadilika hata volyumu ikiwa chini:* tazama zile rezista mbili za 100 za hita, kisha kapasita za 100. Ukiongezeka na volyumu, kosa liko kwenye waya wa kuingizia sauti au arthi imegusa chasi mahali pawili.

*Mlio wa kengele ukigusa chasi:* ECC83 ni nyepesi kutikisika. Ijaribu nyingine.

*Upande mmoja kimya:* badilishana EL84 mbili. Ukimya ukihama, ni valvu. Usipohama, pima anodi. Ikiwa sufuri, transfoma ya spika imekatika. Zima haraka, maana skrini peke yake itabeba mzigo wote na kuwa nyekundu.

*Bamba la ndani la EL84 linageuka jekundu:* zima sasa hivi, usome baadaye. Mara nyingi ni kapasita ya 0.1 inayovuja, hasa ukiwa umetoa ya nta kwenye redio kuukuu. Pima pini 2: pawe sufuri. Ukiona hata volti moja chanya, tupa kapasita hiyo. Za nta sizitumii hata zikiwa za bure.

*Kukwaruza ukizungusha volyumu:* chumvi imeingia. Puliza dawa ya kusafishia swichi, au badilisha.

*Mwanga wa buluu:* ukiwa juu ya kioo kwa ndani, unacheza na muziki, hauna neno. Wengine huzima taa ili wautazame. Lakini ukiona zambarau imejaa katikati, au ile rangi ya fedha kichwani mwa valvu imegeuka nyeupe kama chaki, hewa au gesi imeingia ndani. Hiyo haina dawa. Ing'oe, weka nyingine.